Uonevu katika shule ya Kikristo: namna ya kuuzuia, na la kufanya unapotokea

Mtoto anapigwa, anatukanwa na kutengwa kwa wiki kadhaa, kisha siku moja anapata ujasiri wa kusema. Mwalimu anamwita yeye pamoja na anayemwonea, anawasomea mstari mmoja wa Maandiko, anawaombea, anawaambia wapeane mikono na kusameheana. Shauri limekwisha kabla kengele ya kipindi kinachofuata haijalia. Jioni ileile aliyesema anaadhibiwa na wenzake kwa kusema kwake, na safari hii hatamwambia mtu, kwa sababu amekwisha kujua kwamba akisema ataambiwa asamehe.

Hili ndilo kosa ambalo shule za Kikristo huliangukia kwa urahisi kuliko nyingine, na huliangukia kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unashika mpangilio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kwanza usalama wa mtoto, kisha ukweli, kisha toba inayoonekana kwa matendo, na mwisho kabisa, pale inapowezekana, upatanisho. Umeandikwa kwa wakuu wa shule, walimu, walezi wa mabweni, wachungaji wa shule na wajumbe wa bodi. Mzazi naye anaweza kuusoma ili ajue la kuidai shule.

Hatua ya 1: Kubalianeni uonevu ni nini

Msipokubaliana, kila mwalimu atapima kwa kipimo chake. Mmoja ataona mzaha, mwingine utovu wa nidhamu, wa tatu ataona watoto tu wanaokua.

Kipimo kinachotumika sana duniani kilitoka kwa Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuutafiti uonevu wa shuleni nchini Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea Norway. Alitaja alama tatu: kitendo kina nia ya kuumiza, kinajirudia, na anayetendewa ana nguvu ndogo kuliko anayetenda, hivyo hawezi kujitetea. Norway ilianzisha kampeni ya kitaifa mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa 1982 na uonevu mkali wa wenzao kutajwa kuwa chanzo. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba haya ni mambo ya utotoni yatakayopita yenyewe.

Alama ya tatu ndiyo ya kuitazama sana. Wanafunzi wawili wenye nguvu sawa wakigombana, wanahitaji msuluhishi. Mmoja akimwonea mwingine, yule dhaifu anahitaji mlinzi, na usuluhishi unaweza kumwumiza zaidi, maana unamkalisha mezani na mtu anayemwogopa kana kwamba wote wawili wana fungu katika kosa. Nguvu si misuli peke yake. Inaweza kuwa umri, wingi wa marafiki, fedha za nyumbani, cheo cha ukiranja, ulimi mwepesi, au picha ya mtu iliyohifadhiwa kwenye simu.

Zaidi ya kupiga, kutukana, kunyang'anya vitu, kutenga na kuchafua jina mtandaoni, shule ya Kikristo ina namna zake za uonevu ambazo walimu wengi huzipita bila kuziona. Umbea huvikwa vazi la ombi: "Tumwombee fulani, mnajua anachofanya usiku." Mtoto anaambiwa ana pepo kwa sababu ana kifafa, au anaongea peke yake, au ni mkimya tu. Wa dhehebu lingine anachekwa namna anavyosali. Asiye Mkristo anaitwa mpagani kila anapokosea. Mtoto wa mchungaji anachokozwa makusudi ili aonekane akikasirika. Kiranja wa ibada anaandika majina ya "waliosinzia" na kumwacha rafiki yake. Ziandikeni namna hizi kwa majina yake waziwazi. Jambo lisilo na jina haliripotiwi.

Na msiseme kwenu halipo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Msalaba ukutani hauiondoi shule katika hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Anzeni na watu wazima

Watoto hujifunza uonevu kwa kutazama. Mwalimu anayempa mwanafunzi jina la utani kwa sababu ya umbo lake amewaruhusu wengine arobaini walitumie. Kusoma hadharani majina ya wasiolipa ada, kumsimamisha aliyeshindwa mtihani mbele ya wenzake, kumwita mtoto mjinga: haya yote huwaonyesha watoto nani anaweza kuchezewa bila mtu kujali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa njia inayolinda utu wa mtoto. Kwa Mkristo hoja ni ya zamani zaidi: Yakobo 3:9 inashangaa ulimi unaomhimidi Mungu na papo hapo unawalaani watu walioumbwa kwa mfano wake.

Basi kikao cha kwanza kiwe cha wafanyakazi wote: walimu, walezi wa mabweni, wapishi, walinzi, madereva. Dereva wa basi la shule anayaona mengi ambayo mkuu wa shule hayaoni. Kubalianeni mambo machache tu. Hakuna mfanyakazi atakayemwita mwanafunzi kwa jina la kudhalilisha. Hakuna atakayepita penye uonevu bila kusimama. Kila mmoja anamjua mtu wa kumpelekea taarifa. Tena mwalimu anayewaonea wanafunzi ashughulikiwe kwa utaratibu uleule, na taarifa dhidi yake isipitie mikononi mwa rafiki yake.

Hatua ya 3: Andikeni sera fupi

Kurasa mbili zinatosha. Sera ya kurasa thelathini hukaa kabatini. Iwe na maana ya uonevu mliyokubaliana, namna ya kutoa taarifa, jina la cheo cha mwenye jukumu (na wa pili wake, endapo wa kwanza hayupo au ndiye anayelalamikiwa), muda wa kujibu, na hatua zitakazochukuliwa kulingana na uzito wa jambo. Pendekezo langu ni kwamba mtoto asikilizwe siku ileile aliyosema, na mzazi wake ajulishwe kabla ya saa 24 kupita.

Wekeni humo sentensi hii au inayofanana nayo: "Hakuna mwanafunzi atakayetakiwa kusamehe, kupatana au kukutana na aliyemwonea kama sharti la kusaidiwa." Baadhi ya wajumbe wa bodi wataiona haina roho ya Kikristo. Isomeni pamoja na Mathayo 18. Wengi huruka moja kwa moja hadi mstari wa 15, unaosema ndugu akikukosea nenda ukamwonye mkiwa wawili peke yenu, na hapo humtuma mtoto wa miaka kumi akakabiliane peke yake na kijana wa miaka kumi na minne. Lakini sura hiyohiyo inaanza na mtoto aliyesimamishwa katikati ya wanafunzi, na mstari wa 6 una onyo kali kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo. Hata ule utaratibu wa mstari wa 15 hauishii kwa watu wawili: akikataa kusikia, wanaitwa mashahidi, kisha kanisa zima. Sura yote inamlinda mdogo.

Nawasihi pia msiandike kwamba kila aliyeonea atafukuzwa papo hapo. Sheria ya namna hiyo inaonekana kali, ila huwafunga watoto midomo: mwanafunzi anaogopa kusema akijua neno lake litamfukuzisha mwenzake, na mwalimu naye anaogopa kuandika.

Hatua ya 4: Waulizeni watoto, kisha chora ramani

Mara mbili kwa mwaka gaweni karatasi isiyo na jina, yenye maswali machache. Katika mwezi uliopita, umeonewa mara ngapi? Wapi? Saa ngapi? Ulimwambia nani? Aliyeambiwa alifanya nini? Umeona mwenzako akionewa? Wadogo wasiojua kuandika vizuri wapewe mchoro wa shule waweke alama nyekundu mahali wanapoogopa kwenda.

Kusanyeni alama zote kwenye mchoro mmoja mkubwa. Mara nyingi zitajikusanya mahali pachache: vyooni, nyuma ya madarasa, njia ya bwenini, foleni ya chakula, basi, na ule muda kati ya kipindi cha mwisho na chakula cha jioni. Hapo ndipo mwalimu wa zamu anapotakiwa kuwa. Kuna shule ambazo zamu yote hukaa barazani mbele ya ofisi, mahali ambapo hakuna mtoto anayeonewa.

Marekebisho mengi ni ya bei ndogo. Taa inarudishwa njiani, mlango wa choo unatiwa komeo la ndani, vitanda vya wadogo vinasogezwa karibu na chumba cha mlezi, foleni inapangwa kwa madarasa ili wakubwa wasiwapite wadogo. Chunguzeni na mamlaka mliyowapa viranja. Kiranja mwenye ruhusa ya kupiga, kutoa adhabu za kufanya kazi, au kuamua nani ale lini, amepewa mamlaka ambayo hata mtu mzima hapaswi kuwa nayo bila kusimamiwa. Kazi ya kiranja iwe kuona na kutoa taarifa.

Hatua ya 5: Fungueni zaidi ya mlango mmoja wa kusemea

Sanduku la maoni peke yake halitoshi, hasa likiwa limetundikwa mbele ya ofisi ya nidhamu ambapo kila mtu anaona nani anatumbukiza karatasi. Kila mtoto awe na watu wazima wawili anaoweza kuwaendea, na mmoja wao achaguliwe na mtoto mwenyewe. Wengine watamchagua mwalimu wa michezo, wengine mpishi. Mpokeeni huyo mpishi katika utaratibu wenu, mfundisheni la kufanya.

Mchungaji wa shule ana nafasi ya pekee na hatari ya pekee. Watoto humwambia siri kwa kuwa wanamwona mtu wa Mungu. Ni lazima yeye na shule wakubaliane mapema kwamba siri ya mtoto anayeumizwa haifungwi, na mtoto aelezwe hivyo kabla hajaanza kusimulia. Madhehebu yenye sakramenti ya kitubio yana kanuni zake kali za kutunza siri ya aliyeungama, na padre anazijua. Anachoweza kufanya ni kumtia mtoto moyo aseme jambo hilo tena nje ya kitubio, na kumsindikiza kwa mtu atakayemsaidia.

Hatua ya 6: Fanyeni kazi na wanaotazama

Hapa ndipo ningeweka nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote. Uonevu ni mchezo wenye watazamaji. Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha mwaka 1996 kwamba darasa zima hushika nafasi: wapo wanaomsaidia anayeonea, wapo wanaocheka na kumpa nguvu, wapo wanaojitenga wasione, na wapo wachache wanaomtetea anayeonewa. Kutokana na fikra hiyo Chuo Kikuu cha Turku kiliunda programu ya KiVa, inayotumika katika shule nyingi za Finland na nchi nyingine, na ambayo msingi wake ni kuwabadilisha hao watazamaji.

Watafiti wa Kanada waliochunguza watoto uwanjani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001 walikuta wanafunzi wengine wapo katika karibu matukio 9 kati ya 10 ya uonevu. Waliingilia kati katika tukio 1 tu kati ya 5 hivi. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya majaribio yao yaliukomesha uonevu ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Hakuna mwalimu anayeweza kufika kwa haraka hiyo.

Kwa hiyo tengeni kipindi cha kufundisha kutetea, na mkifanyie mazoezi kwa vitendo. "Mpende jirani yako" peke yake haimwambii mtoto la kufanya akiwa amesimama pale, moyo ukimwenda mbio. Mpeni maneno na matendo madogo yanayowezekana:

- Usicheke. Hata ukiogopa kusema lolote, uso wako usimpe nguvu.
- Mwite anayeonewa atoke pale: "Njoo, mwalimu anakuita," au "Twende, tumechelewa." Huna haja ya kumgusa wala kumjibu anayeonea.
- Kama ni salama, na mko zaidi ya mmoja, semeni "Acha" kwa sauti moja, kisha ondokeni naye.
- Nenda ukamwambie mtu mzima papo hapo. Huko si kuchongea. Kuchongea ni kumtafutia mtu shida. Kutoa taarifa ni kumtoa mtu katika shida.
- Baadaye mkalie karibu. Kwa mtoto aliyetengwa, mtu mmoja wa kula naye hubadilisha siku nzima.

Maandiko yamejaa visa vya kufundishia jambo hili, na watoto huvishika haraka. Swali la Kaini katika Mwanzo 4:9, kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, ni swali la mtazamaji. Katika Luka 10, kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa, wakapita upande wa pili. Reubeni katika Mwanzo 37 ana somo gumu zaidi kwa vijana: alitaka kumwokoa Yusufu, akashauri atupwe shimoni ili amrudie baadaye kwa siri, na aliporudi alikuta amekwisha kuuzwa. Waulizeni kidato cha pili Reubeni angefanya nini tofauti. Mtapata mjadala wa saa nzima.

Hatua ya 7: Taarifa inapokuja, ipokeeni hivi

Acha unachofanya. Keti. Msikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla hajasikia. Kisha mwambie maneno yanayofanana na haya: "Asante kwa kuniambia. Kilichotokea si kosa lako. Siwezi kukuahidi kwamba sitamwambia mtu yeyote, lakini nitakuambia nitakayemwambia kabla sijamwambia."

Yapo maneno yasiyopaswa kutoka kinywani mwako saa hiyo. "Ulimfanyia nini kwanza?" "Mpuuze tu." "Hata Yesu alidhihakiwa." "Umeshaliombea?" "Mgeuzie shavu la pili." Mtoto anayesikia hayo kwa mtu anayemwakilisha Mungu mbele yake anaweza kuhitimisha kwamba Mungu naye yuko upande wa wenye nguvu. Ukitaka kuomba naye, muulize kama angependa, baada ya kumweleza utakachofanya. Ombi lisichukue nafasi ya hatua.

Kabla hajaondoka hakikisha mambo mawili: atalala wapi leo, na atapita njia gani kurudi. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, saa na waliotajwa, siku hiyohiyo.

Akiashiria kwamba hataki kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake hata dakika moja, mjulishe mzazi, na mtafutieni mtaalamu wa afya siku hiyo. Jambo likihusu ngono, silaha, jeraha kubwa, au picha za utupu za mtoto, haliwezi kumalizwa na shule, kanisa wala wazee. Lipelekwe kwenye vyombo vya sheria na ustawi wa jamii vya nchi husika. Simu yenye picha kama hizo ihifadhiwe. Mtu asizinakili wala kumtumia mwingine, hata kwa ajili ya "ushahidi". Kulinda jina la shule au la huduma kwa kuficha mambo haya ni kumtoa mtoto sadaka.

Hatua ya 8: Tafuteni ukweli bila kuwakutanisha

Zungumza na kila mmoja peke yake, na kila mmoja aandike au asimulie kabla hajazungumza na wenzake. Anza na aliyeonewa, kisha mashahidi, kisha anayetuhumiwa. Waliokuwa kundi waitwe kwa wakati mmoja na kuwekwa vyumba tofauti, wasipate nafasi ya kupanga hadithi. Usitaje aliyetoa taarifa. Uliza maswali yaliyo wazi: "Nini kilitokea jana baada ya chakula?" badala ya "Ulimpiga?" Kwa uonevu wa mtandaoni, mwambie mtoto asifute chochote na asijibu, matusi na vitisho vinapigwa picha za skrini zenye tarehe.

Anayetuhumiwa naye asikilizwe kwa haki. Ni mtoto pia, na tuhuma inaweza kuwa ya uongo au ya nusu.

Wengine hukwama hapa wakisema hakuna mashahidi wawili, wakitegemea Kumbukumbu la Torati 19:15. Kanuni hiyo inahusu kumhukumu mtu. Kumlinda mtoto hakuhitaji hukumu: unaweza kubadilisha kitanda, kuongeza mtu wa zamu na kumpa mwenzi wa kutembea naye usiku huu, kabla hujajua lolote kwa uhakika.

Na katika kutenganisha, anayehamishwa asiwe aliyeonewa, isipokuwa ameomba mwenyewe. Mara nyingi ndiye hutolewa bwenini kwa sababu ni rahisi, naye huondoka akiwaacha marafiki wachache aliokuwa nao.

Hatua ya 9: Shughulikieni aliyeonea

Msimwite mwonevu kana kwamba ndilo jina lake. Mwambieni alichofanya, kwa usahihi, bila kupunguza. Kisha adhabu iendane na kosa na ijulikane imetoka kwenye sera: kuondolewa cheo, kunyimwa ruhusa fulani, kusimamishwa masomo kwa muda, na kwa makosa mazito au yanayojirudia, kuondoka shuleni. Fimbo siishauri hata kidogo. Inamthibitishia kile anachokiamini tayari, kwamba mwenye nguvu humwumiza asiye nazo.

Adhabu bila mabadiliko haitoshi. Mpeni mtu mzima mmoja wa kukutana naye kila wiki. Chunguzeni kinachoendelea nyumbani, kwa kuwa baadhi ya wanaoonea wenzao wanaonewa mahali pengine. Hilo linaeleza tabia yake, halimwondolei kosa. Muda wake wa hatari (mapumziko, jioni) upangiwe kazi inayosimamiwa.

Halafu fidia. Yohana Mbatizaji alidai matunda yanayopatana na toba, na Zakayo katika Luka 19 alipoguswa alitaja mara moja atakachorudisha. Aliyenyang'anya arudishe. Aliyeharibu vitu anunue au afanye kazi ya kufidia. Aliyeeneza uongo akaukane mbele ya watu walewale aliowaambia. Machozi ofisini ni mwanzo tu. Wapo watoto, hasa wale wanaosifiwa kwa kuomba vizuri, waliokwisha kujifunza ni maneno gani ya toba yanayowalainisha watu wazima.

Wala msimfanye atubu mbele ya shule nzima kwenye ibada. Huko ni kumdhalilisha yeye, na kumweka aliyeonewa mbele ya macho ya mamia ya watu bila ridhaa yake.

Hatua ya 10: Kaeni na wazazi, kila upande kivyake

Wazazi wa aliyeonewa wapewe habari za kweli: kilichotokea, kilichofanyika, kitakachofuata, na nani wa kumpigia simu. Adhabu ya mtoto wa watu wengine hawapaswi kuelezwa kwa undani, na waambiwe hivyo mapema. Wazazi wa aliyeonea hufika wakiwa na aibu, nayo aibu hugeuka hasira upesi. Anzeni kwa kusema mnataka mtoto wao abaki na abadilike, kisha waonyesheni maandishi ya tarehe na matukio. Mzazi akiwa mfadhili, mchungaji au mjumbe wa bodi, asishiriki katika uamuzi wowote wa shauri hilo. Hilo liwe limeandikwa kwenye sera kabla halijatokea; likitokea ndipo mnaliandika, mmechelewa.

Hatua ya 11: Upatanisho, ukifika wakati wake

Msamaha ni amri ya Kristo, sipunguzi neno. Ila kusamehe ni kazi ya moyo inayokwenda kwa muda wake mbele za Mungu, na kupatana kunahitaji watu wawili, mmoja wao akiwa amebadilika. Kuaminiana tena ni jambo la tatu, la polepole zaidi. Mtoto anaweza kusamehe na bado asitake kukaa dawati moja na mtu huyo, na hana dhambi kwa hilo.

Someni tena habari za Yusufu kuanzia Mwanzo 42. Alikuwa mkuu Misri, ndugu zake hawakuweza kumdhuru tena, naye alilia aliposikia majuto yao. Hata hivyo hakujitambulisha. Aliwajaribu. Alisubiri mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumwuza, alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Ndipo, katika sura ya 45, akasema yeye ni nani. Upatanisho ule ulikuja baada ya ushahidi kwamba watu wamebadilika, na aliyeumizwa ndiye aliyechagua saa.

Basi kama aliyeonewa anataka mkutano, uandaliwe. Mtu mzima azungumze na kila upande kwanza. Maneno ya kuomba radhi yasomwe na mtu mzima kabla: yataje kosa lenyewe, yasiwe na "kama nilikukwaza" wala "lakini na wewe". Aliyeonewa aje na mtu anayemwamini na awe huru kuondoka wakati wowote. Asipotaka mkutano, barua inaweza kutunzwa hadi atakapoitaka, na mtu asimuulize kila wiki kama bado.

Hatua ya 12: Fuatilieni, na pimeni

Aliyeonewa aonwe siku inayofuata, baada ya wiki moja, baada ya mwezi, na mwanzoni mwa muhula unaofuata, maana uonevu hupenda kurudi baada ya likizo. Asiulizwe tu "Uko salama?", atajibu ndiyo. Aulizwe anakula na nani, anapita wapi, nani alimtania wiki hii. Tazameni mahudhurio, alama za masomo, usingizi na hamu ya chakula. Akihama darasa au bweni, mlezi mpya akabidhiwe kumbukumbu kabla mtoto hajafika.

Shauri lifungwe tu pale mtoto mwenyewe, mzazi wake na mlezi wanapokubali kwamba limekoma. Mara moja kwa muhula bodi ipokee hesabu isiyo na majina: taarifa ngapi, za aina gani, mahali gani, zilijibiwa ndani ya muda gani, ngapi zilijirudia.

Waandaeni wajumbe kwa jambo moja. Katika miezi ya kwanza ya utaratibu huu taarifa zitaongezeka, na kuna atakayesema shule imeharibika na kutaka zoezi lisimamishwe. Taarifa zikiongezeka huku karatasi zisizo na jina zikionyesha idadi ileile au iliyopungua, watoto wameanza kuwaamini. Linganisheni karatasi na karatasi, muhula na muhula, kwa mwaka mzima kabla ya kubadilisha chochote.